“Si” Iliyojificha Nyuma ya Lori

Mwezi uliopita walinikatia keki ofisini, wakanifunga leso mpya mabegani, na Mwenyekiti akahutubu mpaka krimu ikaanza kuyeyuka. Walipomaliza, Kame, binti aliyeshika kazi yangu, akaniomba niandike mambo machache ya kumsaidia yeye na wenzake watakaokuja. Nadhani alitarajia karatasi moja yenye nywila na namba za simu. Nywila nilimpa siku hiyo hiyo. Haya mengine yanahitaji maelezo marefu kidogo, na mengi yake ni hofu, kwa hivyo asinilaumu akikosa usingizi.

Kazi yangu, ukiiondolea vyeo, ilikuwa kuandika neno moja na kuliweka mahali ambapo dereva ataliona. Chama chetu ni cha wasafirishaji wa Isiolo, watu wa malori, pikapu na Landkruza zinazobeba abiria, mbuzi na vitunguu vya Rapsu. Barabara ya kwenda Gotu na kuendelea hadi Merti inakatwa na laga, yaani yale mabonde ya mchanga yanayokaa makavu miezi na miezi. Mvua ikinyesha milimani upande wa Meru, maji hushuka laga kwa ghafla huku kwetu jua likiwaka na mbinguni hakuna hata kiwingu. Dereva anaona mchanga mkavu, anaingia, na akiwa katikati ndipo anaposikia mngurumo. Nimekaa na wajane wa laga hizo, nimeshika mikono yao, na sitaki kukaa na mwingine.

Mimi mwenyewe natoka kwenye ukoo wa magari. Babu yangu alikuja huku na jeshi la mkoloni, vita vilipoisha akabaki, na watoto wake wakaingia biashara ya uchukuzi. Wanaume wa kwetu huendesha na wanawake husubiri. Nilipopata kazi chamani, mama yangu alisema mimi ndiye mwanamke wa kwanza katika ukoo kuajiriwa kusubiri.

Siku ya kwanza nilifika ofisini, mtaa wa Wabera, nimevaa viatu vya kisigino, nikidhani nimeitwa kupiga taipu. Mbele ya ofisi kulikuwa na ubao mweusi umesimamishwa kwa miguu ya mbao, na kando yake mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, mikono yake myeupe kwa chaki hadi viwikoni. Huyo ndiye Mzee Adan, karani wa chama.

“Salaam aleikum, Mzee.”

“Aleikum salaam. Wewe ndio Zeinab? Unajua kuandika kubwa?”

“Naandika vizuri, Mzee. Shuleni nilikuwa nasifiwa mwandiko.”

“Mimi sijauliza vizuri. Nimeuliza kubwa.”

Akanipa chaki, akaniambia laga ya Gotu imejaa, niwaandikie madereva. Nikaandika kwa madaha, herufi zimenyooka: SI SALAMA KUVUKA LAGA YA GOTU. Nikarudi nyuma kuangalia kazi yangu. Mzee Adan akachukua kikombe chake cha maji ya kunywa, akaumwagia ubao upande wa kushoto, jinsi mvua ya upepo inavyoupiga. Chaki ikatiririka.

“Sasa soma.”

Nikasoma. Iliyobaki ilikuwa SALAMA KUVUKA LAGA YA GOTU.

“Umeua watu wangapi?” akaniuliza, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeuliza umekula nini. Nikatamani ardhi inimeze pamoja na visigino vyangu. Akafuta ubao wote kwa dasta, akaandika mwenyewe GOTU, na chini yake RUDI. Kisha akafunika nusu ya neno kwa kiganja. “Hapa imebaki *di*. Bado hakuna mtu amekufa kwa *di*.”

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sheria zake nilizijua kama ninavyojua njia ya kwenda nyumbani. Neno likikatika, kipande kinachobaki kisimdanganye mtu. Na neno *salama* lisiandikwe kamwe, hata siku njia ikiwa nyeupe. Nilimuuliza kwa nini, nikitarajia aniambie mambo ya dini. Akanijibu kwamba hatari mtu anaweza kuiona kwa macho na kuja kuisema, lakini usalama hujulikana mtu akishafika, na ubao wetu husomwa na watu ambao bado hawajatoka. Siku ambayo laga haikuwa na maji, yeye alifuta ubao ukawa mtupu, kisha akaiweka dasta juu ya ubao, katikati, ionekane kutoka ng’ambo ya barabara.

“Ubao mtupu peke yake hausemi kitu,” aliniambia. “Pengine njia iko wazi, pengine Adan amelala. Dasta ikiwa huko juu, ujue kuna mtu ameongea na Gotu leo.”

Madereva wote walijua. Mdogo wangu Hassan, alipokuwa bado tanboi, yaani utingo, wa baba yetu, alikuwa akitumwa kila asubuhi kuangalia kama dasta iko juu kabla injini haijawashwa. Baba hakuuliza ubao umeandikwa nini, aliuliza tu, “Dasta iko?”

Mzee Adan alistaafu, na baadaye akafariki kitandani mwake, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yetu ni mafanikio makubwa. Nikabaki na ubao, na redio ya mawasiliano iliyokuwa ikikoroma kama mgonjwa wa pumu, halafu simu za mkononi zikaja. Mtu wetu kule Gotu akawa Ekiru, Mturkana mwenye kibanda cha soda. Mtandao ulikuwa haufiki kibandani kwake, kwa hivyo akiwa na habari alipanda juu ya jabali kunipigia, akishuka hapatikani tena. Nilizoea kuongea naye huku upepo ukimpigia filimbi masikioni. Hakuwahi kunipigia kwa jambo la kipuuzi, na kila namba yake ilipotokea kwenye simu yangu nilishika kalamu kabla sijapokea.

Kisha Mwenyekiti akarudi kutoka kwenye mkutano wa Nairobi akasema tufungue blogu. Hoja yake ilikuwa nzuri, na nilimkubalia: ubao unasomwa na walio Isiolo tu, na dereva anayetoka Merti kuja huku haoni chochote. Nikatumwa kwa Mwalimu Kinyua, Mmeru mmoja mpole aliyekuwa na chuo cha kompyuta, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Kwa harufu ya chumba kile, mpaka leo nikisikia dawa ya kupe nakumbuka CSS.

Kinyua alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alisema theme ya blogu, yaani sura yake iliyotengenezwa tayari, ni nyumba ya kupanga: huwezi kubomoa ukuta wa mwenyewe, lakini unaweza kupigilia msumari na kutundika chako, na CSS, yale maagizo ya kupanga sura ya ukurasa, ndiyo misumari. Kulikuwa na kisanduku cha CSS ya ziada, ukiandika humo sura ya ukurasa inabadilika bila kugusa theme yenyewe. Mwenyekiti alikuwa ameagiza maneno yetu yakae juu ya picha kubwa ya kichwa cha ukurasa, kando ya nembo ya chama, ambayo ni lori jekundu. Theme haikuwa na nafasi ya maneno hapo, kwa hivyo ilibidi tuyapigilie wenyewe.

“Hapa tunaandika *position: absolute*,” Kinyua alisema. “Hii inatoa maandishi kwa foleni. Inaiambia, wewe kaa pikseli arubaini kutoka juu, mia moja na ishirini kutoka kushoto, na usijali wenzako. Lakini lazima mzazi wake, hiyo boksi imeyabeba, awe *relative*, ndio ajue anapimiwa kutoka kona ya nani.”

“Na wenzake wakihama?”

“Wakihama aje?”

“Hiyo nembo. Ikisogea, maandishi yanasogea nayo?”

“Hapana. Yeye hajui kitu. Anabaki tu hapo hapo.”

“Sasa Mwalimu, hiyo si ni hatari?”

Akakuna kidevu, akacheka kidogo. “Ni hatari kiasi. Lakini inapendeza.”

Nilirudi Wabera nikiwa nimeelewa kwamba maandishi yanahitaji mzazi, na kwamba kupendeza kuna gharama yake. Nikaanza kujifunza kweli. Nilijifunza kwamba ukisahau nuktamkato moja mwisho wa mstari, kila kitu kilicho chini yake kinanyamaza bila kukwambia kwa nini. Nilijifunza *z-index*, inayoamua nani akae juu ya nani vitu viwili vikigombania nafasi. Watu wa umri wangu walikuwa wanajifunza kupumzika, na mimi nilikuwa nahesabu pikseli kwa miwani.

Tulivutana kwenye maneno yenyewe. Nilitaka RUDI. Mwenyekiti akasema hilo ni neno la kufukuzia mbuzi.

“Hii ni wavuti, Zeinab. Inasomwa na wageni, inasomwa na wafadhili. Andika kistaarabu. Andika, Barabara ya Gotu si salama kwa sasa.”

“Mwenyekiti, Mzee Adan alikataa hilo neno.”

“Mzee Adan alikuwa na chaki. Chaki inafutika na mvua. Hii intaneti italoweshwa na nani?”

Watu wote ofisini wakacheka, na mimi nikacheka kwa adabu. Dasta nayo ikaachwa, maana nilipotaja kuweka picha ya dasta aliniuliza kama tunafungua shule ya nasari. Simsemi vibaya. Yeye mwenyewe ana malori kwenye njia ile, naye atasoma haya na anajua sijaongeza chumvi. Maneno yakapigiliwa kama alivyotaka: mstari wa juu BARABARA YA GOTU, na wa chini, kwa herufi nyekundu nzito, SI SALAMA, ikifuatwa na *kwa sasa* kwa herufi ndogo. Siku njia ilipofunguka niliyaondoa. Kila nilipoyarudisha niliangalia kwenye kompyuta, nikaangalia kwenye simu yangu, na kila mara, kabla ukurasa haujafunguka, niliona kile kikombe cha maji mkononi mwa Mzee Adan. Nilijiambia ni uzee.

Siku yenyewe ilianza kwa jua. Ekiru alipiga asubuhi, upepo ukivuma kwa nguvu huko juu ya jabali. “Mama Zeinab, hapa hakuna kitu bado. Mchanga tu. Lakini watu wa ng’ombe wametoka huko juu, wanasema imenyesha usiku mbaya sana. Maji iko njiani. Mimi nakwambia, leo itakuja.” Nikaandika saa ile ile. Kwenye kompyuta ikakaa vizuri, nyekundu kama pilipili. Kwenye simu yangu, ile pana niliyonunuliwa na binti yangu, ikakaa vizuri pia. Nikashukuru, nikaendelea na kazi nyingine.

Saa sita kasoro akaingia Habiba, mke wa Hassan, akitokea sokoni, uso umechangamka. Akaketi kwenye kiti cha wageni na kuweka kapu lake chini.

“Wifi, Hassan amenipigia kabla hajatoka Merti. Ametoka na watu wengi, leo atakula nyumbani. Nimenunua nyama. Si umeandika salama?”

Masikio yangu yalisikia *si*, yakasikia *salama*, nikaitikia ndiyo. Nikainamia tena kompyuta. Kisha nikajiuliza kwa nini mwanamke ambaye mume wake anaelekea kwenye laga inayosubiri maji anacheka na kuzungumzia nyama.

“Habiba, umesoma nini?”

“Si nakwambia? Nimesoma hiyo yako. Salama. Hata Hassan amesoma huko Merti, na wale wengine wote. Ndio wakatoka.”

Nikamwomba simu yake. Ilikuwa ndogo, ya bei ya chini, kona imepasuka, kama zile walizo nazo nusu ya madereva wetu. Ukurasa ulikuwa bado wazi. Theme ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku, kama zinavyofanya bila kubisha hodi, na kwenye kioo chembamba ikahamisha nembo kutoka kona ya kushoto na kuileta katikati, juu ya kila kitu. Maneno yangu hayakuwa na habari. Yalibaki hapo hapo nilipoyapigilia. Lori jekundu lilikuwa limeegesha magurudumu yake juu ya *si*, na kilichosomeka ni BARABARA YA GOTU, chini yake SALAMA kwa sasa.

Sijui nielezeje hofu ile. Nikawa namwonyesha Habiba kioo kwa kidole huku yeye akiendelea kutabasamu, akidhani namwonyesha kitu cha kuchekesha. Nikamwambia, “Hiyo *si* iko nyuma ya lori.” Alichukua muda kuelewa. Kisha akalishika kapu lake la nyama kwa mikono miwili, akalikumbatia.

Nikampigia Hassan. Hapatikani. Kati ya Merti na Gotu hakuna mtandao, nalijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini nilipiga tena na tena. Ekiru naye alikuwa ameshuka jabali, hapatikani. Nikampigia Mwalimu Kinyua, nikamweleza.

“Toa *absolute*,” akasema. Hakuwa anacheka tena. “Zeinab, nisikilize. Toa hiyo *top*, toa hiyo *left*. Wachana na picha. Acha maandishi yaanguke kwa foleni yake, chini ya nembo. Hayawezi kufunikwa yakiwa kwa foleni.”

Nikafuta. Vidole vilikuwa vinapiga herufi mbili mbili. Nikafuta pia maneno ya Mwenyekiti bila kumuuliza mtu, nikaandika GOTU, na chini yake RUDI, kubwa, upana wa kioo kizima. Tukaangalia simu ya Habiba na bado ilituonyesha SALAMA, kwa sababu ilikuwa imekumbuka ukurasa wa zamani. Kinyua akatuambia tuvute ukurasa kwenda chini uanze upya. Ukazunguka, ukazunguka, na hatimaye RUDI ikajaa kioo.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wote. Mtu yeyote atakayefungua ukurasa sasa ataona RUDI. Lakini Hassan alikuwa ameufungua Merti, na tangu atoke Merti hana mtandao wa kufungua kingine. Yeye na walio nyuma yake walikuwa wanabeba SALAMA yangu mifukoni, wakiielekeza kwenye mchanga mkavu chini ya jua zuri.

Tukakaa. Sina neno lingine la kile tulichofanya. Adhana ya adhuhuri ikaita, tukasali ofisini, na katikati ya sala nikasahau niko rakaa gani, nikaanza upya, nikasahau tena. Habiba alikuwa akisema kwa sauti ndogo majina ya watoto wake, mmoja mmoja, kisha anarudia. Nilitaka kumwambia atulie na sikuthubutu, kwa sababu neno pekee lililonijia lilikuwa lile moja. Mwenyekiti akaja, akaelezwa. Akaitazama simu ile iliyopasuka, kisha akatoka nje akasimama pale ambapo ubao ulikuwa ukisimama zamani, mikono nyuma. Lori lake moja lilikuwa linapakia Merti.

Alasiri namba ya Ekiru ikatokea. Niliitazama ikilia. Habiba ndiye aliyeibonyeza na kuniwekea sikioni.

“Mama Zeinab, maji imekuja.” Upepo ulikuwa mwingi. “Imekuja kubwa. Imebeba miti.”

“Na magari, Ekiru?”

“Iko magari ng’ambo ile. Iko juu, haijaingia. Hiyo ya mbele ni ya kijani, imesimama imekata barabara hivi, hakuna mtu anaweza pita. Watu wanagombana hapo, mimi naona mikono tu.”

Landkruza ya Hassan ni ya kijani. Nililia mbele ya Mwenyekiti bila aibu yoyote, na Habiba akainuka, akasema anaenda kuiweka ile nyama kwa friji ya jirani kabla haijaharibika.

Hassan alifika siku ya pili, maji yaliposhuka, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa halijaniacha tangu jana yake: kwa nini alisimama, na mchanga ulikuwa mkavu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia apite?

“Abaayo,” akasema, kwa maana ndivyo anavyoniita dada tangu utotoni, “Merti nilisoma haraka tu, nikatoka. Nilifika kwa laga nikaona iko kavu. Guyo alikuwa nyuma yangu na pikapu ya mbuzi, anapiga honi. Nikachukua simu nikaangalia tena. Nikaona umeandika salama. Nikaogopa sana.”

“Uliogopa nini?”

“Wewe! Hujawahi kuandika salama. Njia ikiwa mzuri wewe unafuta tu, huandiki kitu. Tangu nikiwa tanboi sijawahi kuona hiyo neno peke yake. Hata siku ya harusi yangu hukuniambia iko salama. Nikasema, hii haijaandikwa na Zeinab, ama imeandikwa na Zeinab na kitu imeharibika. Nikakata barabara na gari.”

Guyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuweza kujizuia. “Mimi nilimtukana huyu! Nikamwambia, wewe Hassan hujui kusoma? Hapa imeandikwa salama! Ananiambia, ndio maana sipiti. Halafu tukasikia hiyo kitu inakuja.”

Mwenyekiti alikuwa ameketi mezani kwangu. Akaniambia niandike ninavyotaka, kuanzia hapo mpaka nichoke.

Kame, haya ndiyo niliyofanya, na ndiyo nakuomba usiyaguse. Onyo liko kwenye foleni yake, chini ya nembo, halijapigiliwa popote. Utaambiwa halipendezi, na ni kweli. Theme itakapojisasisha, maandishi yatasukumwa chini au juu pamoja na wenzake, lakini hayataingia mvunguni mwa lori. Ndani ya droo ya kwanza utaikuta ile simu ya Habiba. Nilimnunulia nyingine, hii ni ya kazi. Usiamini kompyuta, wala usiamini simu yako ya maana. Fungua kwa hiyo, kisha funika upande wa kushoto wa neno kwa kidole gumba usome kilichobaki, halafu ufunike upande wa kulia usome tena. Kidole chako ndicho kikombe cha Mzee Adan.

Na dasta imerudi. Ile picha ndogo ya dasta, ndani ya fremu ile ile ya onyo, ni dasta yetu yenyewe, niliipiga picha juu ya meza yangu. Imefichwa kwa *display: none*, na kila alfajiri inajificha yenyewe hata kama jana yake ilikuwepo. Utaionyesha kwa mkono wako, ukishaongea na Gotu, si kabla. Vijana watakuomba uweke tiki ya kijani yenye neno fulani chini yake, wakisema ndivyo wavuti nyingine zinavyofanya. Usiweke. Mimi tangu siku ile hata nikiamkuliwa habari za asubuhi hujibu kwamba nipo.

Nilidhani nikistaafu hofu itabaki ofisini pamoja na kiti. Wiki iliyopita niliamka nikaona milima ya Meru imefunikwa na wingu jeusi kuanzia chini hadi juu. Nikafungua blogu kabla sijapiga mswaki. Fremu ilikuwa tupu. Hakuna RUDI, hakuna dasta. Nikaufungua upya, tupu. Nikajiambia theme imejisasisha, imekula maandishi, na Hassan alikuwa ameniaga jana yake kwamba anatoka mapema na abiria wa Merti. Wale madereva wapya hawakuuona ubao wa chaki hata siku moja. Kwao ukurasa mtupu ni ukurasa mtupu. Nikampigia Kame, simu yake ikawa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikatafuta jina la Hassan, nikingoja ile sauti ya kuniambia hapatikani.

Akapokea. Nyuma yake nikasikia vikombe, na watu wengi wakiongea.

“Uko wapi?”

“Niko Ngare Mara, abaayo, hata Gotu sijakaribia. Nakunywa chai. Tuko hapa wote, na hawa vijana pia.”

“Kwa nini mmesimama?”

“Dasta haipo,” akasema, kana kwamba namuuliza kwa nini haingii kwenye nyumba iliyofungwa. “Kame bado anaongea na Ekiru. Tumekaa.”